Saratani za Kichwa na Shingo: Kidonda Kisichopona kwa Wiki Tatu Kisipuuzwe

Mji wa Mlowo, uliopo Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, hauna siku ya utulivu. Malori yanayokwenda na kutoka mpaka wa Tunduma hupita katikati yake usiku na mchana, wakulima hushusha kahawa na mahindi, na wafanyabiashara huanza kupanga bidhaa kabla ya jua kuchomoza. Katika pilikapilika hizo, mtu aliyeota kidonda kidogo pembeni mwa ulimi, au ambaye sauti yake imeanza kukwaruza, mara nyingi haoni sababu ya kufunga biashara ili aende zahanati. Hununua dawa ya kusukutua katika duka la dawa, kisha husubiri.

Kwa watu wengi, kusubiri huko hakuleti madhara, kwa kuwa kidonda hupona na sauti hurejea. Lakini kwa baadhi yao, kidonda hicho ndicho dalili ya kwanza ya saratani ya kichwa na shingo, ugonjwa unaotibika vizuri ukigundulika mapema na unaoweza kumwondolea mgonjwa uwezo wa kusema, kula na hata kupumua ukiachwa ukue. Tofauti kati ya hali hizo mbili mara nyingi ni muda, na kipimo cha muda huo kinaweza kukumbukwa na kila mwananchi. Kipimo hicho ni wiki tatu.

Saratani hizi ni zipi

Saratani za kichwa na shingo ni kundi la magonjwa yanayoanzia katika ngozi laini inayofunika sehemu za ndani za kinywa, pua na koo. Zinajumuisha saratani za midomo, ulimi, fizi, kaakaa na sakafu ya kinywa. Saratani za koo, zikiwemo zile zinazoanzia kwenye mafindofindo na nyuma ya pua. Saratani ya kisanduku cha sauti. Saratani za ndani ya pua na vyumba vya hewa vilivyomo katika mifupa ya uso. Pamoja na saratani za tezi za mate. Saratani ya ubongo haimo katika kundi hili, ingawa ubongo uko kichwani. Kadhalika, saratani ya umio, yaani njia ya chakula iliyo chini ya koo, huhesabiwa peke yake, japo baadhi ya visababishi vyake ni vilevile.

Duniani kote, zaidi ya watu 800,000 hugundulika kuwa na saratani za kundi hili kila mwaka, na tarehe 27 Julai imetengwa kuwa siku ya kimataifa ya kuelimisha jamii kuhusu ugonjwa huu.

Saratani huanza pale chembe hai za mwili zinapoharibika katika vinasaba vyake na kuanza kuzaliana bila mpangilio. Katika kinywa na koo, uharibifu huo hutokea polepole, kwa kawaida baada ya miaka mingi ya ngozi laini kuguswa na moshi wa tumbaku, pombe au vichochezi vingine. Kadiri uvimbe unavyokua, chembe zake huweza kusafiri hadi kwenye tezi za limfu za shingoni, ambazo zikivimba watu wengi huziita mitoki. Ndiyo maana mgonjwa mwingine huja hospitalini akilalamikia uvimbe wa shingo, kumbe chanzo kiko ndani ya koo mahali asipoweza kupaona.

Kwa nini wiki tatu

Vidonda vya kawaida vya kinywa, vikiwemo vile vinavyotokana na kujing'ata au kuungua kwa chakula cha moto, hupona ndani ya siku kumi hadi wiki mbili. Sauti iliyopotea kwa sababu ya mafua hurejea ndani ya muda kama huo. Kwa hiyo, dalili inayoendelea kwa zaidi ya wiki tatu imekwishavuka muda wa magonjwa madogo na inastahili kuchunguzwa na mtaalamu, hata kama haina maumivu. Kutokuwepo kwa maumivu kusimpe mtu faraja, kwani saratani nyingi za kinywa haziumi katika hatua za mwanzo.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mwananchi katika kituo cha kutolea huduma za afya ni hizi zifuatazo:

- Kidonda cha mdomo, ulimi, fizi au kaakaa kisichopona.
- Baka jeupe au jekundu ndani ya kinywa lisilofutika.
- Sauti kukwaruza au kubadilika bila kurejea katika hali yake.
- Uvimbe shingoni, hasa ulio mgumu na usiouma.
- Kumeza kwa shida au kwa maumivu, au kuhisi kitu kimekwama kooni.
- Pua kuziba au kutoa damu upande mmoja tu.
- Maumivu ya sikio moja wakati sikio lenyewe halina ugonjwa.
- Jino kulegea bila sababu, sehemu ya uso kufa ganzi, au kinywa kushindwa kufunguka vizuri.

Dalili ya sikio huwashangaza wengi. Sababu yake ni kwamba koo na sikio hushirikiana mishipa ya fahamu, hivyo ugonjwa ulio kooni unaweza kusikika kama maumivu ya sikio.

Zipo hali ambazo hazipaswi kusubiri hata hizo wiki tatu. Mtu anayepumua kwa shida, anayetoa sauti ya kukoroma akiwa macho, anayetokwa na damu nyingi kinywani au asiyeweza kumeza hata maji apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Ni muhimu pia kueleza kwamba si kila uvimbe wa shingo ni saratani. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, goita inayotokana na upungufu wa madini joto imekuwa ikifahamika kwa miaka mingi. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia tezi za shingo, na jino bovu linaweza kuvimbisha taya. Hali zote hizo zina tiba. Mwananchi hatakiwi kujua mwenyewe ni ugonjwa gani; anatakiwa kufika mapema ili mtaalamu apambanue.

Kinachowachelewesha wagonjwa

Ucheleweshaji huanza nyumbani. Mtu mwenye kikohozi au muwasho wa koo usiokwisha huambiwa ana kimeo, na hupelekwa kwa mkataji ili kilimi chake kikatwe. Kitendo hicho hakitibu saratani, kinaweza kusababisha kutokwa na damu nyingi au maambukizi, na hupoteza wiki ambazo mgonjwa alizihitaji zaidi. Mwingine huenda kung'olewa jino lililolegea, na pengo likibaki kuwa kidonda kwa miezi, hudhani ni kawaida. Wapo wanaotumia dawa za kuua bakteria mara mbili au tatu mfululizo bila kuchunguzwa, na wapo wanaopaka kwenye uvimbe dawa kali zinazounguza ngozi.

Wamiliki na watoa dawa katika maduka ya dawa wana nafasi kubwa hapa, kwa kuwa katika miji ya kibiashara kama Mlowo wao ndio hukutana na mgonjwa kwanza. Mteja anayerudi kwa mara ya pili kununua dawa ya kidonda kilekile cha kinywa au ya sauti ileile iliyokwaruza aelekezwe kituo cha afya badala ya kuuziwa dozi nyingine.

Sababu nyingine ni hofu. Wapo wanaoamini kwamba saratani haitibiki na kwamba kuchukuliwa kinyama kwa ajili ya vipimo huufanya ugonjwa usambae. Imani hiyo si sahihi. Kinyama hicho kidogo ndicho kinachomwezesha daktari kujua kama kuna saratani na ni ya aina gani, na bila hicho tiba sahihi haiwezi kupangwa.

Tumbaku na pombe

Kisababishi kikubwa cha saratani za kinywa, koo na kisanduku cha sauti ni tumbaku. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Kila anapovuta, mvutaji hupitisha kemikali hizo juu ya ulimi, koo na nyuzi za sauti kabla hazijafika kwenye mapafu.

Tumbaku isiyotoa moshi nayo si salama. Ugoro na kuberi, zinazowekwa chini ya mdomo, shavuni au puani, huweka kemikali za tumbaku moja kwa moja juu ya ngozi laini kwa muda mrefu. Shirika la Utafiti wa Saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha bidhaa za tumbaku isiyo na moshi miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Orodha hiyo pia ina popoo, kiungo kikuu cha tambuu.

Pombe ni kisababishi cha pili. Mwili huigeuza pombe kuwa kemikali iitwayo asetaldehidi, ambayo huharibu vinasaba vya chembe hai. Jambo hili hutokea kwa bia, mvinyo, konyagi na pombe za kienyeji, kwa kuwa kinacholeta madhara ni kilevi chenyewe. Gongo, ambayo imepigwa marufuku kisheria, huongeza hatari zaidi kwa sababu ina kilevi kikali na haipimwi usalama wake.

Hatari kubwa kuliko zote ipo pale tumbaku na pombe zinapotumika pamoja. Pombe huilainisha ngozi ya ndani ya kinywa na kurahisisha kemikali za tumbaku kupenya. Matokeo yake, hatari ya mtu anayetumia vyote viwili huzidi jumla ya hatari ya kila kimoja peke yake. Tafiti zilizofanyika Marekani zilihusisha takriban robo tatu ya saratani za kinywa na koo na matumizi ya vitu hivyo viwili. Kwa dereva anayevuta sigara ili asisinzie barabarani na kunywa anapofika mwisho wa safari, au kwa kijana anayeanza tabia hizo kijiweni, taarifa hii inamhusu moja kwa moja.

Virusi, kazi na lishe

Baadhi ya saratani za koo, hasa zinazoanzia kwenye mafindofindo na shina la ulimi, husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo pia husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, ikiwemo ngono ya mdomo. Saratani ya nyuma ya pua nayo inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr.

Mazingira ya kazi yana mchango wake. Vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani ya ndani ya pua, hivyo mafundi seremala na wafanyakazi wa mashine za kupasua mbao wanashauriwa kuvaa barakoa, kufanya kazi mahali penye hewa ya kutosha na kumwagia vumbi maji kabla ya kufagia. Aidha, uchafu wa kinywa na lishe isiyo na matunda na mboga za majani huongeza uwezekano wa kupata saratani za kinywa.

Makundi yanayohitaji uangalizi wa karibu

Watu wenye ualbino hupata kwa urahisi saratani za ngozi ya uso, masikio, midomo na shingo kwa kuwa ngozi yao haina rangi ya kutosha kuikinga na mionzi ya jua. Songwe ni mkoa wa kilimo, na kazi za shambani humweka mtu juani kwa saa nyingi. Kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu, mafuta maalumu ya kuzuia mionzi ya jua na uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara huokoa maisha. Hapa nchini, mafuta ya aina hiyo yamekuwa yakitengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, kwa ajili ya kundi hili.

Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wako katika hatari kubwa zaidi ya baadhi ya saratani hizi, na wanashauriwa kuendelea na dawa za kufubaza virusi pamoja na kuomba kuangaliwa kinywa wanapohudhuria kliniki.

Kwa watoto, jambo la kuangalia ni uvimbe wa taya unaokua haraka. Mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha maelezo ya saratani ya aina hiyo, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake na huonekana zaidi kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Saratani hiyo huweza kuongezeka ukubwa ndani ya siku chache, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazoitikia vizuri dawa. Mzazi anayeona taya la mtoto limevimba na meno yanalegea asihesabu wiki. Ampeleke mtoto hospitalini mara moja.

Safari ya uchunguzi na tiba

Mkazi wa Mlowo mwenye dalili anapaswa kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Mtaalamu ataangalia kinywa kwa mwanga, atapapasa shingo na, akiona haja, atatoa barua ya rufaa kwenda hospitali ya ngazi ya juu, zikiwemo zile zilizopo Vwawa, makao makuu ya mkoa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Huko mgonjwa anaweza kuonwa na daktari wa kinywa na meno au bingwa wa masikio, pua na koo, kuchukuliwa kinyama na kufanyiwa vipimo vya picha vinavyoonesha ugonjwa umeenea kiasi gani.

Tiba hutegemea mahali saratani ilipo na hatua iliyofikia. Saratani ndogo ambayo haijasambaa mara nyingi hutibiwa kwa njia moja, ama upasuaji ama mionzi, na wagonjwa wengi wa hatua hiyo hupona. Saratani iliyokua huhitaji kuunganisha upasuaji, tiba mionzi na tiba kemia. Wakati mwingine madaktari hulazimika kuondoa sehemu ya ulimi, taya au kisanduku chote cha sauti, na mgonjwa hubaki akipumua kupitia tundu la shingoni na kujifunza upya namna ya kuzungumza.

Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyopo Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ndiyo taasisi ya kitaifa inayoongoza huduma za saratani nchini. Tiba kamili ya mionzi kwa saratani za kichwa na shingo huchukua kwa kawaida wiki sita hadi saba, siku tano kwa wiki. Kwa mgonjwa anayetoka Mlowo, umbali wa zaidi ya kilomita 800, muda huo una maana ya nauli, malazi, ndugu wa kumsindikiza na shamba au biashara iliyoachwa bila msimamizi. Mgonjwa aliyefika mapema anaweza kupona kwa upasuaji pekee na kurudi nyumbani bila kupitia safari yote hiyo.

Wananchi wanahimizwa kujiunga na bima ya afya wakiwa wazima, kwa kuzingatia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mgonjwa asiye na uwezo asirudi nyumbani kimyakimya. Amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali ili hali yake itathminiwe na aelekezwe utaratibu wa msamaha.

Kinga iliyo mikononi mwa kila mmoja

Hatua ya kwanza ya kinga ni kutotumia tumbaku ya aina yoyote, na kwa anayetumia, kuacha. Faida ya kuacha ipo hata kwa mtu aliyevuta kwa miaka mingi: kati ya miaka 5 na 10 baada ya kuacha sigara, hatari ya saratani za kinywa, koo na kisanduku cha sauti hupungua kwa nusu. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, inayokataza kuwauzia tumbaku watoto walio chini ya umri wa miaka 18. Mfanyabiashara anayemuuzia mtoto sigara moja moja anavunja sheria na anampanda mtoto huyo mbegu ya ugonjwa.

Hatua ya pili ni kuacha au kupunguza pombe. Hatua ya tatu ni chanjo. Serikali ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na kuanzia Aprili 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa umri wa miaka 9 hadi 14. Lengo lake kuu ni kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na tafiti zimeonesha kuwa hupunguza pia maambukizi ya virusi hivyo kinywani.

Hatua ya nne ni kujichunguza mara moja kwa mwezi. Mtu asimame mbele ya kioo mahali penye mwanga, baada ya kunawa mikono na kutoa meno ya bandia kama anayo. Ainue midomo na kuangalia fizi, avute mashavu, atoe ulimi na kuangalia pande zake zote mbili, aunyanyue ili aone chini yake, kisha aangalie kaakaa. Mwisho apapase shingo kuanzia chini ya masikio hadi mabegani, akilinganisha upande mmoja na mwingine. Zoezi hilo halizidi dakika tano.

Kwa ushauri na maelezo zaidi, wananchi wanaweza kupiga simu bila malipo kwenda Kituo cha Huduma kwa Wateja cha Wizara ya Afya kupitia namba 199.

Shughuli za Mlowo hazitasimama kwa sababu ya kidonda cha mtu mmoja. Malori yataendelea kupita na msimu wa kahawa utafika kwa wakati wake. Hata hivyo, familia inayomtegemea mtu huyo haina mwingine wa kushika nafasi yake. Asubuhi moja ya kukaa kwenye foleni ya zahanati ni gharama ndogo ikilinganishwa na miezi ya matibabu mbali na nyumbani. Mwenye kidonda kisichopona, sauti isiyorejea au uvimbe wa shingo uliozidi wiki tatu afike leo katika kituo cha afya kilicho karibu naye.